Mtutu Mpya, Bunduki Kuukuu: Nini Hasa Hubadilika?

Video za mafundi wa Marekani na Ulaya wanaofufua bunduki za vita vya zamani zimesambaa sana, na kila inaposambaa moja ubishi huwa uleule. Fundi anabana mtutu uliooza kwa kutu kwenye jiliwa, anashika spana ndefu, anakaza misuli, mtutu unaachia. Mpya unaingizwa. Baada ya dakika kumi bunduki iliyotengenezwa 1917 inatoboa karatasi umbali wa mita 100. Wapo wanaohitimisha kwamba hiyo ni kazi ya kufungua na kufunga tu. Wapo wanaosema bunduki iliyowekwa mtutu mpya imekuwa mpya. Na wapo wanaoapa kwamba chombo cha miaka mia hakipaswi kupigwa kabisa, kitampasukia mtu usoni. Kundi la tatu liko karibu na ukweli kuliko mengine mawili, ingawa sababu wanazozitoa kwa kawaida sizo.

Kwetu Afrika Mashariki bunduki hizi si ngeni. Lee-Enfield ya Waingereza, inayopiga risasi ya .303, ndiyo waliyoibeba askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), na miaka mingi baada ya uhuru bado ilikuwa mikononi mwa askari wa akiba wa polisi kaskazini mwa Kenya. Upande wa Wajerumani, vita vilipoanza mwaka 1914, kompania nyingi za Schutztruppe, jeshi lao la kikoloni, zilikuwa bado zinatumia Mauser ya 1871, iliyopiga kwa baruti ya moshi na kumfichua mpigaji kila alipofyatua. Mauser 98 nyingi ziliwafikia kwa meli ya Rubens, iliyoshambuliwa ikiwa Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, na shehena yake ikaopolewa baharini. Kwa hiyo maswali ya watu kuhusu bunduki za babu yana haki ya kujibiwa kwa utulivu.

Tukubaliane kwanza majina ya vitu.

Bunduki tunayoizungumzia ni ile ya kupiga risasi moja moja. Kila ukifyatua unainua mkono wa bolti, unaivuta nyuma, ganda tupu linaruka, unaisukuma mbele pamoja na risasi nyingine, unaifunga. Mtutu ni lile bomba la chuma ambamo kichwa cha risasi hupita. Ndani yake si laini: kumechongwa mifereji inayojizungusha kutoka nyuma hadi mdomoni. Mifereji hiyo hukiuma kichwa cha risasi na kukizungusha ili kisiyumbe hewani. Katika Lee-Enfield ya .303 mfereji hukamilisha mzunguko mmoja kila milimita 254. Kichwa cha risasi kikitoka kwa mwendo wa mita 744 kwa sekunde, kinakuwa kinazunguka karibu mara 2,900 kwa sekunde. Mifereji ikiisha, mzunguko unaisha, na risasi inakwenda inakotaka.

Sehemu ya nyuma ya mtutu imepanuliwa ili risasi nzima ikae humo. Hiyo ndiyo chemba. Pale chemba inapoishia na mifereji inapoanza, mafundi hupaita koo. Mtutu wenyewe umefungwa kwa hesi kwenye kiunzi, kipande kikubwa cha chuma kilicho katikati ya bunduki, na ndani ya kiunzi ndimo bolti inamoteleza. Bolti ina masikio ya chuma. Ukiifunga, masikio hayo hukamata kwenye vishimo vya kiunzi. Risasi nzima nayo ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachoruka.

Shika hili moja, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Baruti inapowaka, shinikizo ndani ya chemba hupita kilo 3,000 kwa kila sentimita ya mraba. Kinachozuia nguvu hiyo isimrudie mpigaji ni bolti na kiunzi. Mtutu huzuia nguvu ya pembeni tu.

Mtutu hufa vipi

Watu husema mtutu "umechakaa" kana kwamba kuchakaa ni jambo moja. Kuna vifo vitatu tofauti, na kila kimoja kina dalili zake.

Cha kwanza ni moto. Gesi ya baruti hupita kooni ikiwa na joto kali mno, na kila risasi hulamba chembe ndogo za chuma. Baada ya maelfu kadhaa ya risasi koo limepanuka na kuwa na nyufa ndogondogo, na mifereji ya mwanzo imefutika. Waingereza walilipia somo hili mapema. Mwaka 1888 walipitisha bunduki ya Lee-Metford, ambayo mifereji yake ilikuwa ya kina kifupi na yenye kona za mviringo, mizuri kwa baruti ya moshi kwa sababu haikushika masizi. Miaka michache baadaye wakaingiza baruti mpya isiyo na moshi, kordaiti, ambayo moto wake ulikuwa mkali zaidi. Mifereji ya Metford ikaliwa upesi kuliko walivyotarajia. Kiwanda cha serikali cha Enfield kikachora mifereji mingine, mitano, yenye kina na kona kali. Bolti ileile, kiunzi kilekile, mtutu mwingine: ndipo mwaka 1895 ikazaliwa Lee-Enfield.

Kifo cha pili ni kutu, na hapa ndipo uzushi ulipojaa. Wengi huamini baruti ndiyo inayoozesha mtutu. Mkosaji mkubwa alikuwa fataki. Fataki za kijeshi za zamani zilikuwa na kloreti ya potasiamu, na ikishawaka hubaki kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani na kuuweka juu ya chuma tupu. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, kwa hiyo askari aliyepaka mafuta akaridhika alikuta mtutu umeota kutu chini ya mafuta yaleyale. Dawa yake ilikuwa maji. Jeshi la Uingereza lilimimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli maalumu, kisha mtutu ukakaushwa, ndipo mafuta yakafuata. Bunduki iliyopigwa risasi hizo kwenye hewa ya mwambao na kuachwa wiki mbili bila maji huwa imeshaanza kutoboka ndani.

Cha tatu kinaumiza zaidi ukikitazama, kwa sababu kilitoka kwenye bidii. Ndani ya kitako cha Lee-Enfield kulikuwa na tundu lenye kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia yenye kipande cha uzito mbele. Askari aliidumbukiza kamba kutoka nyuma akaivuta kupitia mdomoni. Kamba iliyoshika mchanga, ikivutwa kwa pembe ileile kila siku, ilichimba mfereji kwenye mdomo wa mtutu. Na mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa na chuma. Ukiliwa upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Wasovieti waliokuwa na Mosin-Nagant, bunduki za Kirusi, zilizoliwa midomo na vyuma vya kusafishia walipata njia ya mkato kwenye karakana zao: walitoboa mdomo kwa ndani kidogo mpaka wakafikia mifereji mizima, mtutu ukapiga vizuri bila kubadilishwa.

Hivyo jibu la swali la kwanza kabisa, "je, huu mtutu unahitaji kubadilishwa?", mara nyingi ni hapana. Mtutu mweusi ndani, wenye vishimo vya kutu lakini mifereji yake bado inaonekana, unaweza kupiga vizuri kwa miaka. Weusi wenyewe haumaanishi mtutu umekufa. Fundi mwenye busara huusafisha kwanza mpaka uchafu wa shaba na grisi ya ghalani utoke, kisha hupima koo na mdomo, ndipo anaposema neno.

Robo ya milimita

Tufike sasa kwenye kipimo ambacho video nyingi hukiruka, na ambacho ndicho kiini cha kazi nzima.

Bolti ikifungwa, uso wake unasimama nyuma ya risasi. Mbele, risasi inazuiwa na kitu fulani kwenye chemba isizidi kuingia. Nafasi kati ya uso wa bolti na kizuizi hicho nitaiita mwanya. Fikiria mlango wa mbao wenye komeo. Ukibadilisha fremu, komeo la zamani linaweza kushindwa kuingia kwenye tundu lake, au likaingia lakini mlango ukacheza ukiusukuma. Mtutu ndio fremu mpya, bolti ndiyo komeo la zamani, na risasi ndiyo mlango unaosukumwa kwa nguvu za tani kadhaa.

Mwanya ukiwa mdogo mno, bolti haifungi, na mtu mwenye papara hujaribu kuilazimisha. Ukiwa mkubwa mno, bolti inafungika vizuri na bunduki haionyeshi dalili yoyote mpaka inapolipuka. Ganda la shaba hugandamana na kuta za mbele za chemba kwa shinikizo, huku kitako chake kikisukumwa nyuma kuufuata uso wa bolti. Shaba inavutika. Inapovutika kupita uwezo wake, ganda linakatika karibu na kitako, na gesi yote ile inatafuta njia ndani ya kiunzi kuelekea usoni mwa mpigaji. Mauser 98 ilitengenezwa ikijua hilo: bolti yake ina matundu ya kupitishia gesi pembeni na ukingo mpana nyuma wa kuikinga sura. Bunduki nyingine nyingi za wakati wake hazikuwa na ulinzi huo.

Kwa .303, mwanya wa kijeshi ulipaswa kuwa kati ya milimita 1.63 na 1.88. Tofauti ya aliye salama na asiye salama ni robo ya milimita. Na jicho halioni robo ya milimita ndani ya chemba yenye giza. Hupimwa kwa geji, vipande vya chuma kigumu vilivyochongwa kwa umbo la risasi au la ukingo wake. Geji ya "pita" ikiwekwa, bolti lazima ifunge. Geji ya "usipite" ikiwekwa, bolti haipaswi kufunga. Ya tatu ilitumiwa na majeshi kuamua kama bunduki iliyokwisha tumika iendelee kukaa kikosini au irudishwe karakana.

Mahali mwanya unapopimwa hutegemea risasi. Risasi ya .303 na ya Mosin zina ukingo unaojitokeza kitakoni, na ukingo huo ndio unaozuiliwa na uso wa nyuma wa mtutu. Risasi ya Mauser na ya .30-06 ya Marekani hazina ukingo wa namna hiyo. Huzuiliwa na bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni. Ndiyo maana maelezo ya mtu mwenye Lee-Enfield hayamfai mwenye Mauser hata kama kwa macho bunduki zinafanana.

Ukiyaelewa haya unaona kwa nini swali "mwanya uko kwenye mtutu au kwenye bolti?" halina jibu. Mwanya hauko kwenye kipande chochote. Uko kati ya vipande, na ukibadilisha kimoja umebadilisha mwanya. Hata kubadilisha bolti peke yake, jambo ambalo wauzaji wengi wa vipuri hulichukulia kama kubadilisha kifungo cha shati, ni kugusa kipimo hichohicho. Kwenye Lee-Enfield No. 4 Waingereza waliliweka jambo hili wazi kwa akili nzuri sana: kichwa cha bolti kinatoka kwa kufunguliwa, na vilitengenezwa vichwa vya urefu tofauti, vikapigwa namba 0, 1, 2 na 3. Mwanya ukikua, fundi wa jeshi alichukua namba ya juu zaidi.

Kazi yenyewe, kwa ufupi

Kung'oa mtutu wa miaka 80 ndiyo hatua inayoharibu bunduki nyingi. Mtutu umekaa umekazwa muda wote huo, mara nyingine kutu imeugandisha kwenye hesi. Kinachoshikwa kwenye jiliwa ni mtutu, na spana hushika kiunzi kwa umbo lake kamili. Atakayeshika kiunzi kwa kifaa kisicholingana atakipinda, na kiunzi kilichopinda hakina dawa. Mfano unaojulikana sana na mafundi wa Marekani ni bunduki za M1917 zilizotengenezwa Eddystone, Pennsylvania, zaidi ya milioni moja. Mitutu yake ilikazwa kwa mashine kwa nguvu kupita kiasi, na ukiing'oa kwa kani kiunzi kinaweza kupasuka ufa mwembamba ambao hauonekani mpaka utafutwe. Kwa hiyo fundi anayezijua hukereza kwanza sehemu ya mtutu iliyo mbele ya kiunzi ili mkazo ulegee. Mtutu wa zamani unakufa, kiunzi kinapona.

Mtutu mpya nao hauingii popote utakapoishia. Kila bunduki ina mahali pake pa kukaa. Kwenye Mauser 98 kuna pete ya chuma ndani ya kiunzi, na uso wa nyuma wa mtutu hukaa juu ya pete hiyo. Tena mtutu ukishakazwa lazima usimame wima sawasawa, kwa sababu shabaha ya mbele imefungwa juu yake. Ukipita kidogo, shabaha inalala upande. Kwenye Springfield M1903 ya Marekani kuna pia kata ndogo nyuma ya mtutu ya kupitisha ukucha unaolivuta ganda; kata hiyo isipoelekea ukucha, bolti haifungi.

Ndiyo maana mitutu mingi mipya huuzwa ikiwa na chemba iliyochongwa karibu kumalizika, ikabakizwa kina kidogo. Fundi huufunga mtutu mahali pake, kisha humalizia chemba kwa kekee maalumu, anakwangua kidogo, anasafisha, anaweka geji, anajaribu bolti kwa kidole kimoja, anarudia. Nimekuwa nikipenda sehemu hii kuliko zote. Haina misuli wala cheche, haivutii kamera, na ndiyo inayoamua kila kitu. Akikwangua kupita kiasi hawezi kurudisha chuma.

Mtutu hauponyi kiunzi

Imani kwamba mtutu mpya huifanya bunduki kuwa mpya ndiyo ninayoiogopa zaidi, na historia ya Springfield M1903 inaonyesha kwa nini.

Viunzi vya mwanzo vya bunduki hiyo vilitengenezwa Springfield, Massachusetts, na Rock Island, Illinois. Chuma kilipashwa moto kisha kikapozwa ili kiwe kigumu, na mafundi wazoefu waliamua kiwango cha joto kwa kutazama rangi ya chuma kwa macho. Kwenye jua kali chuma chekundu huonekana kimepoa kuliko kilivyo, kwa hiyo siku za mwanga walikipasha kupita kiasi bila kujua. Viunzi vingine vikatoka vigumu lakini vyenye kuvunjika vipandevipande. Mwaka 1917, risasi zilipoongezeka kwa ajili ya vita, baadhi vikaanza kupasuka. Uchunguzi ukafanywa, vipimo vya joto vikaletwa, na namna ya kupasha ikabadilishwa. Hadi leo bunduki za Springfield zenye namba chini ya 800,000 na za Rock Island chini ya 285,507 huhesabiwa kuwa za kutazamwa tu.

Mwekee mtutu wa mwaka huu mtu mwenye kiunzi cha namba 500,000. Mtutu utang'aa, mifereji itakuwa kamili, mwanya utapita kwenye geji zote. Na kiunzi kitabaki kilekile kilichopashwa kwa macho ya mtu siku yenye jua. Afadhali angeuacha mtutu uliooza, kwa sababu usingemshawishi mtu kuifyatua.

Nchi iliyoishi kwa mitutu mipya

Kama kuna watu walioifanya kazi hii kwa upana na kwa heshima, ni Wafini. Finland ilipojitangazia uhuru Desemba 1917 ilirithi maelfu ya Mosin-Nagant za jeshi la Urusi, nyingi zikiwa zimekufa mitutu. Nchi haikuwa na uwezo wa kuanza kutengeneza bunduki nzima, lakini viunzi ilikuwa navyo tele. Ikaamua kununua na kutengeneza mitutu tu. Mitutu ya kwanza iliagizwa Uswisi na Ujerumani, kisha viwanda vya nyumbani, Tikkakoski, SAKO na VKT, vikachukua kazi.

Mitutu yao ilikuwa mizito na iliyochongwa kwa uangalifu kuliko ya asili, na bunduki zilizotokea, kama M/28-30, zilipiga vizuri kuliko Mosin zilizotoka Urusi. Simo Häyhä, mkulima aliyepata sifa ya mdunguzi katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 hadi 1940, alitumia M/28-30. Baadaye ikaja M/39, takriban 100,000, ambazo askari waliziita Ukko-Pekka, jina la utani la Rais Svinhufvud, mlenga shabaha hodari.

Ukiichukua M/39 mkononi na kuiondoa mbao zake, nyuma ya kiunzi, mahali palipofichwa na mti, utakuta mwaka wa kiunzi na alama ya kiwanda. Mtutu juu unaweza kusema SAKO 1942. Chini pakasema Izhevsk 1896, au Tula, au hata Châtellerault, kwa sababu Urusi iliagiza Mosin za mwanzo kutoka Ufaransa. Kiwango cha vipimo kilikuwa makini kiasi kwamba kiunzi cha tsar na mtutu wa jamhuri vilikaa pamoja bila kugombana. Kwa maoni yangu hakuna jeshi lililoelewa vizuri zaidi kwamba mtutu ni kitu kinacholiwa, na kiunzi ndicho bunduki.

Sheria ya Marekani inakubaliana na wazo hilo. Silaha kisheria ni kiunzi chenye namba. Mtutu ni kipuri. Na kwa kuwa kiunzi kilichotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa kuwa cha kale, M/39 yenye mtutu wa 1942 inaweza kisheria kuwa bunduki ya karne ya 19. Uingereza inaona vingine. Huko mtutu wenyewe ni sehemu inayodhibitiwa, na bunduki iliyobadilishwa mtutu haiuzwi mpaka ipelekwe London au Birmingham kwenye nyumba ya majaribio, ipigwe risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, ikistahimili ndipo igongwe alama mpya.

Kubadilisha aina ya risasi

Wengine hufikiri ukiweka mtutu wa risasi nyingine, umemaliza. Israel ilichukua Mauser za Kijerumani, nyingine zikiwa bado na alama za utawala wa Nazi, ikaziwekea mitutu ya risasi ya 7.62 ya NATO na kuzigonga namba hiyo kubwa juu yake. Kwenye Mauser ilikuwa rahisi kwa sababu kitako cha risasi mbili hizo kinakaribiana. Waingereza walipoigeuza Lee-Enfield kuwa bunduki ya mdunguzi L42A1 mwaka 1970, kazi ilikuwa kubwa zaidi: risasi ya zamani ilikuwa na ukingo, mpya haikuwa nao, kwa hiyo magazini (kasha la risasi) na ukucha pia vilibidi vibadilike.

Hata ndani ya risasi moja mna mtego. Mauser ya 7.92 ilianza na kichwa cha kipenyo cha milimita 8.08. Wajerumani walipoingiza risasi mpya yenye ncha, mwaka 1905, kipenyo kikawa 8.2. Ganda karibu lilelile, jina karibu lilelile, lakini kichwa cha pili kikilazimishwa kupita mtutu wa kwanza shinikizo hupanda vibaya. Bunduki zilizorekebishwa ziligongwa herufi S. Anayeng'oa mtutu bila kusoma alama zilizo juu yake ametupa maelezo pekee ya bunduki aliyonayo.

Kwa anayeuliza kuhusu bunduki iliyo kwetu, jibu ni fupi. Kenya na Tanzania haziruhusu mtu kujitengenezea silaha hii uani. Ukarabati wake ni wa mwenye leseni ya kazi hiyo, na kumiliki bunduki ya babu bila kibali ni kosa hata kama haijapigwa tangu vita. Ukiikuta darini, usiijaribu bolti ukiwa na risasi karibu, usimwage mafuta ndani ukafikiri umeisafisha, wala usiibebe barabarani. Piga simu kituo cha polisi waje waichukue wao. Kama ina thamani ya historia na karatasi zake zinaweza kupatikana, mtutu wake uliochakaa uache ulivyo: mnunuzi wa vitu vya kale hulipa zaidi kwa mtutu wa asili uliokufa kuliko kwa mpya unaong'aa, na ukishang'olewa haurudishiki ukiwa na alama zilezile mahali palepale.